Kura za Yasmini

Mwaka 2024, mvua za vuli zilipokuwa zimeshika katika milima ya Upare, watu wa kitongoji kimoja juu ya Gonja walipanda kilimani kutafuta mtandao, wakampigia kura mtu ambaye miaka mitatu nyuma walimfukuza kwa mawe.

Mtu huyo alizaliwa akaitwa Loth. Sasa alijiita Yasmini, alivaa magauni, na kila Jumapili alionekana katika runinga. Yeye na wenzake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wamefungiwa katika nyumba moja huko Johannesburg, kamera zikiwafuata wakipika, wakigombana na kupatana, na watazamaji wakipiga kura kwa simu. Atakayebaki wa mwisho angepewa nyumba na kazi huko huko.

Priska, mama yake, hakuomba jambo jingine duniani. Mwanawe akishinda, asingelazimika kurudi mahali ambapo damu yake ilimwagwa.

Lakini Priska hakujua Kiingereza, na washiriki walinyang'anywa simu siku walipoingia katika nyumba ile. Ikambidi aende kwa Elibariki, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu mstaafu mwenye runinga kubwa. Alikwenda kwa woga, kwa kuwa jiwe la kwanza siku ile lilitoka katika mkono wa Elibariki.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Mama Loth. Pita, keti.”

Priska hakuketi. “Nimekuja kuomba kura. Najua hamumpendi.”

Elibariki alichukua rimoti. “Mawe yalikuwa ushamba, Mama Loth. Siku hizi kuna njia za kistaarabu.” Akaiwasha runinga. Yasmini alikuwa akisukwa nywele na msichana wa Lusaka, wote wawili wakicheka. “Unaona? Nchi za watu zinampenda. Kila Jumapili mtangazaji anaitaja Upare. Sisi wa kwao tutakaaje kimya?”

Priska aliufunika uso kwa kanga, akalia.

“Sitaki cha bure,” alisema alipoweza kusema. “Kila nyumba itakayompigia kura, nitailimia siku moja.”

“Hakuna aliyekudai, mama.”

Asteria, mke wa Elibariki, aliyekuwa akichambua maharage ya makande, aliinua kichwa. “Mwache alipe, Mwalimu. Mtu na heshima yake. Tena tangawizi yetu imezidiwa na majani.”

Siku iliyofuata lilipigwa baragumu la msaragambo, lile linalowaita watu wote kuzibua mfereji au kufukia mashimo ya barabara. Safari hii liliwaita kilimani kupiga kura. Elibariki alisimama mbele yao, akawasomea jina herufi kwa herufi, kama zamani darasani.

“Yasmini! Atakayeandika Loth, kura yake imekufa!”

Watu waliangua kicheko, wakaandika. Wazee walioapa kwamba jina lile halitapita midomoni mwao waliuliza kama M hutangulia N. Asteria alimwonyesha Priska kidole gumba.

“Tazama, Mama Loth! Nimemwandika mwanao mpaka kidole kimeota sugu!”

Priska aliwapita wote. Aliuza jogoo, akanunua salio, akapiga kura hadi simu ikazima. Mwenyewe alikuwa bado hajapata kumwita mwanawe kwa jina lile. Alilifanyia mazoezi peke yake migombani, kwa sauti ya chini, hadi ulimi ukakubali.

Jumapili ya matokeo, sebule ya Elibariki ilijaa hadi barazani. Priska aliketishwa kwenye kochi, mbele kabisa, akapewa soda. Mtangazaji alisema maneno mengi, akafungua bahasha, na katika Kiingereza chote kile Priska akasikia neno moja alilolijua.

Yasmini.

Sebule ililipuka. Asteria alipiga vigelegele. Wanaume walipeana mikono. Katika kioo, Yasmini alikuwa akilia mikononi mwa wenzake, na Priska naye alilia, kisha akacheza mpaka kanga ikamdondoka begani.

“Imekwisha, Mwalimu?”

“Imekwisha, Mama Loth. Tumeshinda.”

Kulipokucha alichukua jembe, akaanza kulipa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Elibariki. Jua lilikuwa limepanda, naye alikuwa katikati ya shamba la tangawizi kule kilimani, Asteria akimsimamia kutoka kivulini, simu ilipolia katika pindo la kanga.

“Mama, ni mimi.”

“Yasmini!”

“Umeniitaje, Mama?”

“Yasmini, mwanangu. Jana tulikuona! Tulicheza mpaka tukachoka!”

“Mlicheza?”

“Hukusikia kura zako zilikotoka?”

“Nimesikia.” Sauti ilikuwa imepungua. “Wamesema nyingi zimetoka Tanzania.”

“Ni sisi! Kitongoji kizima, hata wazee! Mimi mwenyewe ndiye niliyewaomba.”

“Wewe, Mama?”

“Mimi. Na Mwalimu Elibariki ndiye aliyetufundisha kukuandika. Sasa unasubiri nini? Wamekwisha kukuonyesha hiyo nyumba?”

“Mama, nipo uwanja wa ndege, wananirudisha huko. Hapa kura hupigiwa yule ambaye watu wanataka atolewe.”

Kivulini, Asteria alikohoa, akayaonyesha kwa kidole matuta yaliyobaki. Priska akairudisha simu katika pindo la kanga, akainama, akayalima yote.