Maji ya Lori la Bi Mwanakheri

Rejeta ilikuwa tupu tena, na chini ya lori hapakuwa na hata tone.

"Unayanywa wewe?" Bi Mwanakheri alimuuliza fundi Mbaruku. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshakaa kwenye tairi. Fundi akishindwa leo, lori linauzwa kwa kilo.

"Silinda hedi, kile kichwa cha injini, nimefungua, ni nzima. Sielewi, mama."

Kilibaki kipozeo, ambamo maji hupoza moshi wa ekzosi kabla haujarudi kwenye injini; kikipasuka, maji huvujia ndani na kutoka na moshi. Mbaruku alikifungua, akaziba tundu moja la maji, akaunga pampu kwenye la pili, akakizamisha kwenye karai la maji na kupuliza hewa. Hakikutoka kiputo.

"Kizima nacho," alisema mnunuzi, akainuka.

"Lori linapoteza maji likiwa la moto," alisema Bi Mwanakheri. "Ufa hufunguka chuma kikipata moto. Wewe umekitia kwenye maji baridi."

Mbaruku alimkodolea macho. Akaenda kwa mama ntilie jirani, akarudi na sufuria ya maji yanayochemka, akamwaga yale baridi, akayamimina yote karaini. Akapuliza. Kiputo kimoja kikapanda polepole. Hakujua kimetoka ndani ya chuma au ni maji ya moto tu.

"Puliza tena, baba," alisema Bi Mwanakheri.

Mnunuzi naye aliinama kutazama.