Pete ya Chekeamwezi

Siku hizi marehemu hawaondoki moja kwa moja. Sauti zao hutiwa ndani ya pete, na pete huvishwa chekeamwezi mguuni, wale ndege wa ufukweni wanaokimbilia kwetu baridi ya Ulaya ikianza. Ndege akirudi, mtu wa marehemu humtafuta kwa darubini, akabonyeza kitufe cha darubini hiyo, na sauti ikakaa nyumbani kwake msimu mzima. Anayebonyeza kwanza ndiye anayepewa. Hakuna anayeulizwa, maana nani angechukua marehemu wa mwenzake?

Mwanasha alimngoja mumewe, Shee, tangu kaskazi ianze. Kila maji yakipwa alikwenda kwenye hori, ule mkono wa bahari, akakagua miguu ya ndege mmoja mmoja. Pete ya Shee ilikuwa ya kijani.

"Huenda ndege wake amefia njiani, dada," jirani yake Kibibi alimwambia kwa upole.

"Hebu niache, Kibibi!"

Asubuhi ile alimwona ndege mwenye pete nyeupe, amesimama peke yake topeni. Mwanasha akatazama huku na huku. Akabonyeza.

Alipofungua mlango wa nyumba yake, sauti nzito ya mwanamume asiyemjua ikamlaki.

"Zuhura, mbona umekawia? Watoto wamekula?"

Mwanasha hakujaliwa watoto. Alisimama kizingitini, darubini ingali shingoni. Ng'ambo ya hori, huyo Zuhura bila shaka alikuwa bado anakagua miguu ya ndege.

"Zuhura, mke wangu?"

"Labeka," akaitika Mwanasha, na kuufunga mlango.