Ukili wa Tunu

Kila asubuhi Tunu alisuka ukili, ukanda mrefu wa majani ya kushonea mikeka yake, huku akisubiri chai ichemke. Leo vidole vilikwama. Kaka yake Mbaruku, aliyekuwa akimchagulia kampuni ya kuhifadhi tovuti yake mpya ya kuuzia mikeka, alitaka kubonyeza kifurushi kidogo kuliko vyote.

“Wageni wakijaa, tovuti inazimika,” Mbaruku alisema, akicheka. “Lakini wajae kina nani, mdogo wangu? Shangazi zako?”

Tunu alizoea kuitikia tu. Safari hii alikataa. Akauokota ukili, ambao bado hakuwa ameamua utashonwa kuwa mkeka wa ukubwa gani, akautandaza juu ya kompyuta, ukavuka meza, ukafika mlangoni.

“Huu nausuka mrefu kabla mnunuzi hajaja. Watakuja, kaka,” alisema. “Wewe ndiye usiyeniamini. Ondoa mkono, nichague kifurushi kikubwa mwenyewe.”