Twita za Torkild

Torkild alikata kwa koleo waya wa twita ya kwanza, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, akakata na wa pili, kisha akafunga mgongo wa kila spika kwa skrubu zilezile. Akatabasamu peke yake. Alikaa sana bafuni asubuhi hiyo, kama mtu anayejiandaa kwenda harusini.

Krosova za spika hizo zilimlia majira yote ya baridi. Krosova ndiyo inayogawa sauti: nzito ziende kwa wufa, nyembamba ziende kwa twita. Sasa nyembamba hazikuwa na pa kwenda.

Alipotoka, jikoni kulinuka moshi wa kulehemu. Nyumba yake haikuwahi kunuka kingine. Jytte, mkewe, alikuwa ameshazipakia spika garini.

"Leo Vagn anashuka kwenye kile kiti cha hakimu," Torkild alimwambia njiani.

"Mwache mzee wa watu."

"Wewe shughulika na kahawa."

Vagn alikuwa hakimu wa chama cha watengeneza spika pale mjini Holstebro. Kila mwaka alizikataa spika za Torkild kwa neno lilelile: sauti za juu zinachoma masikio. Torkild aliamini mzee hasikii tena, anabahatisha tu. Na kile kiti alikitaka yeye.

Ukumbini wanachama walimaliza mikate yao ya mdalasini, wakakaa. Desturi yao haikubadilika: muziki upigwe, hakimu aseme, kisha mtengenezaji afungue mgongo wa spika mbele ya wote.

Birika likaanza kupiga mbinja.

"Torkild, birika liko hapo nyuma yako," Vagn alisema.

"Mimi si mpishi wako, mzee."

Watu wakacheka. Jytte akaenda akaliepua, akamimina, akalijaza maji na kulirudisha motoni.

Muziki ukapigwa, fidla na matoazi. Torkild alikaa mstari wa mbele. Besi ilitembea vizuri. Kwenye sauti za juu kimya kitupu, kama alivyopanga. Alijiuma mdomo asicheke.

Vagn alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Spika zako nimezikataa mara nyingi," alisema. "Leo nakuvulia kofia. Yale matoazi ni hariri. Hatimaye umeipata krosova, bwana."

Torkild akainuka. "Hebu rudia, wote wasikie. Twita zinalia?"

"Zinalia vizuri sana."

"Haya. Mtu asiyejua kama twita inalia au imekufa, anafanya nini kwenye hicho kiti? Kiziwi anawahukumu wenye masikio. Nimezikata mwenyewe leo asubuhi, zote mbili."

Hakuna aliyecheka. Wanachama walitazamana. Mmoja aliinamia kikombe chake. Wanamwonea haya mzee, Torkild akawaza. Akapiga magoti, akafungua skrubu, akavuta ubao wa nyuma.

Waya ulikuwa umeungwa. Tone la risasi ya kulehemu liling'aa pale alipokata. Kando yake palikuwa na rezista, kidude cha kupunguza ukali wa twita, ambayo hakuiweka yeye.

"Nilizijaribu ulipokuwa unaoga," Jytte alisema, sinia la vikombe mkononi. "Nikakuta twita zimekufa. Nikadhani nyaya zimekatika kwa bahati mbaya, nikaziunga. Nikaongeza na rezista, maana spika zako huniumiza masikio, Torkild. Nimekwambia mpaka nimechoka."

Torkild alibaki amepiga magoti, bisibisi mkononi, akiwaangalia.

Nyuma yake birika lilipiga mbinja tena, kali, ikajaa ukumbi mzima. Wote waligeuka kulitazama, isipokuwa Torkild.