Kanga Juu ya Bati

Taa ya Bi Mize ilikuwa ikififia kila jioni kabla hajamaliza kula, naye akaamini kwamba paneli ya jua aliyoiacha marehemu mumewe imefika mwisho wake. Akamwita fundi Sudi aje aitazame.

Sudi alipanda ngazi hadi juu ya bati la banda la jiko. Paneli ilikuwa imefunikwa kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, ikakandamizwa kwa vipande vya tofali.

"Bibi, nani kaifunika?"

"Mimi, mwanangu. Jua likishapanda naifunika, lisije likaichakaza. Ndicho kitu marehemu alichokifunga mwisho kwa mikono yake."

Sudi hakucheka. Aliondoa matofali na kanga, akapitisha kiganja juu ya kioo. Chini yake ile buluu ilimeremeta vipande vipande kama magamba ya samaki, bila ufa wala doa.

"Hii imetengenezwa ipigwe na jua, bibi, na mvua ya mawe pia, miaka na miaka. Pengine itatuzika sote. Taa yako haiumwi. Ina njaa tu."

Akashuka, akamkabidhi kanga. Bi Mize alipoikunjua, nusu iliyokaa juu ilikuwa imepauka, lakini nusu ya chini maua yake yalikuwa bado mekundu, kama siku mumewe alipomletea. Tangu msiba hakuwahi kuivaa.

Aliishika muda mrefu. Kisha akajitanda, akakivuta kigoda chake kutoka kivulini hadi juani.