Herufi Mbili za Rangi ya Kucha

Uvumi ulimganda Bi Rukia kama utomvu wa fenesi: mtaa wa pili, eti, watoto waliosoma Kizungu wameandika majina yao kwenye vyombo vya mama yao, kila mmoja chake cha kurithi, na mama mwenyewe yu hai, anawatazama.

Kwa hiyo alipokiona kikombe cha mtungini, kile wanachonywea nyumba nzima na kila mpita njia mwenye kiu, kimeandikwa MY kwa rangi nyekundu ya kucha, alimwita bintiye papo hapo.

"Mwanaidi! Hii ndiyo nini?"

"Kiingereza, mama. Maana yake 'changu'."

"Chako? Na mgeni anywe kwa kiganja?"

Binti akacheka. "Kwa wenzetu Wazungu, 'changu', 'yangu', 'langu', yote neno hilohilo."

"Maskini! Kikombe na mtoto, neno moja?"

"Hata mama."

Bi Rukia akamgeukia. "Hata mama?"

"Lete mkono."

Mwanaidi akakikunjua kiganja cha mama yake, akaandika herufi zilezile mbili taratibu, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Rangi ilikuwa baridi, ikatekenya. Bi Rukia hakujua kama amependwa au amegawiwa.

Akauinua mkono ule ukauke, na kwa vidole vya mkono wa pili akahesabu ya kuepuka: kuandika kikombe cha mtungini, kugawana vitu vya mama aliye hai, kunawa kabla rangi haijakauka.