Salama Aondoke

"Huyu bado yupo?"

Idrisa aliuliza hata kabla ya kumwamkia mama yake. Alisimama mlangoni, viatu vya mjini vimejaa tope la Lushoto, akimtazama Salama akimenya viazi. Talaka alimpa mwezi wa pili. Eda iliisha zamani. Kwao Bungu, si mbali. Mwanamke gani asiyejua kuaga?

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Bi Mwanaheri hakuinuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, tangu alipopata kiharusi wakati wa masika. Idrisa aliutazama mara moja tu, akavuta kiti.

"Kesho mwaka mpya, Mama. Mimi kila mwaka naweka malengo. Safari hii la kwanza ni hili: huyu aondoke. Nyumba nimejenga mimi. Nataka mke wangu aje aione bila kukuta mabaki jikoni."

Salama aliendelea kumenya.

"Hayo malengo yako siyajui," alisema Bi Mwanaheri. "Mimi nautazama mwaka uliokwisha. Na mwaka huu, mwanangu, nimeteswa."

"Na nani?"

"Na huyo huyo. Chumvi ananinyima. Uji nikiukataa, ananinywesha kwa nguvu. Asubuhi, na baridi yote hii, ananitoa kitandani nitembee mpaka kwenye mpeasi na kurudi. Nalia, hanihurumii. Usiku ananigeuza kama chapati."

Idrisa alijipiga paja kwa furaha.

"Si nilisema! Hana adabu. Hata kwangu alikuwa hivyo hivyo. King'ang'anizi!"

"King'ang'anizi hasa," mama yake akaafiki, akimpandisha na kumshusha kwa macho. "Wewe mwenzake hukunisumbua hata siku moja."

"Nikusumbue kwa lipi, Mama?"

"Kwa lipi, kweli."

"Basi aondoke. Leo hii."

"Kesho asubuhi. Kaka yake anakuja na gari."

Idrisa hakutegemea mambo yawe rahisi hivyo. Alinyoosha miguu, akacheka, kisha kwa mara ya kwanza akamsemesha mwanamke aliyemwacha.

"Umesikia, wewe? Acha viazi. Kafunge mizigo yako."

Salama aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Yangu imeshafungwa," alisema. "Imebaki ya Mama tu."